Matembezi ya pwani ya Bagamoyo: Safari ya familia kutoka Makole

Sisi wakazi wa bara ya kati bahari tunaijua kwa kusimuliwa. Hapa Makole, jijini Dodoma, mtoto hukua akilijua vumbi la kiangazi, mibuyu, vilima vya mawe na mvua inayokuja msimu mmoja tu kwa mwaka. Shuleni hufundishwa kwamba mji wake uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, naye hulikariri jibu hilo kwenye mtihani, ilhali bahari yenyewe hajapata kuitia machoni.

Hali hiyo ilikuwa ya wanangu watatu, na ilikuwa pia ya mama yangu mzazi, ambaye sasa amepita umri wa miaka 70. Mwaka jana, jioni ya Idi ya Adh-ha, tulipokuwa tumekaa uani baada ya kugawa nyama, alinigeukia akasema: “Baba, kabla Mola hajanichukua, nataka unipeleke nikaone njia ilipoishia.”

Sikuhitaji kuuliza ni njia ipi. Mama alizaliwa katika kijiji kimoja cha Mpwapwa, na katika ukoo wetu husimuliwa habari ya kaka mkubwa wa babu yake, kijana aliyeondoka na msafara wa pembe za ndovu kuelekea pwani asirudi tena. Wengine husema alikwenda kwa hiari, akiwa mpagazi wa kulipwa. Wengine husema alichukuliwa. Mama yake babu aliweka chungu cha maji mlangoni kwa miaka mingi, akiamini kuwa mwanawe atarudi na kiu. Hiyo ndiyo njia aliyoitaja mama, na mwisho wake ni Bagamoyo.

Ndugu msomaji, makala hii ni ya matembezi ya pwani, na nimekusudia iwafae wazazi wanaofikiria kuwapeleka watoto baharini wakati wa likizo. Lakini sitaweza kuyaeleza matembezi hayo nikaiacha pembeni haja iliyotupeleka.

Njia ya jana na reli ya leo

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapanda kupitia Mamboya na Mpwapwa, ikakata nchi ya Ugogo hadi Kilimatinde, kisha Tabora, na kukoma Ujiji katika ziwa Tanganyika. Urefu wake ni takriban kilomita 1,200. Mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 32, mbali na chakula chake na mkeka wake. Baina ya Mpwapwa na Ugogo kulikuwa na nyika isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali, ambayo wasafiri waliivuka kwa mwendo wa haraka wakihofia kiu. Watemi wa Kigogo nao walitoza hongo kwa kila msafara uliopita na kunywa maji katika nchi yao. Kwa hiyo Dodoma yetu haikuwa mbali na historia ya pwani; ilikuwa katikati ya barabara yake. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na Mpwapwa ni mojawapo ya vituo vilivyotajwa.

Sisi tulisafiri kwa treni ya mwendokasi, ambayo tangu katikati ya mwaka 2024 inawachukua wasafiri kati ya Dodoma na Dar es Salaam kwa muda usiofika saa nne. Tuliondoka asubuhi ya mwezi 14 Mfunguo Tatu. Treni ilipoingia katika mahandaki ya milima ya Kilosa, watoto walishangilia kila mara giza lilipoingia na mwanga kurudi. Mama hakushangilia. Alikuwa akitazama vilima kupitia dirishani, na mara moja alisema kwa sauti ndogo: “Na wao huku walipita kwa miguu.”

Kutoka Dar es Salaam tulipanda gari la Bagamoyo pale Makumbusho. Mji huo uko kiasi cha kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam, na barabara ni ya lami mwendo wote. Tulifika alasiri, tukaswali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kufupisha. Kwa faida ya wasafiri, wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wanaeleza kuwa anayekusudia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukoma kufupisha tangu anapofika. Sisi tulinuia usiku tatu tu, hivyo ruhusa ilikuwa yetu.

Bahari ina saa zake

Siku ya pili nilifanya kosa ambalo mtu wa pwani asingelifanya. Baada ya chakula cha mchana, mnamo saa 8, niliichukua familia tukashuka ufukweni karibu na soko la samaki, tukaanza kutembea kuelekea kusini. Mchanga ulikuwa mpana na watoto walikimbia mbele. Mama alivua makobazi, akaingiza miguu katika maji, akanyamaza kitambo, kisha akainama kidogo na kuisalimia bahari kwa Kigogo: “Mbukwenyi.” Sote tulicheka, naye pia alicheka.

Haikupita saa moja, nikaona mchanga tuliokuwa tukiukanyaga umekuwa ukanda mwembamba. Mbele yetu mizizi ya mikoko ilikuwa imeshaingia majini, na nyuma yetu wimbi lilikuwa likigusa kingo za ardhi. Nilidhani bahari hujaa kama bwawa, kidogo kidogo, mtu akiwa na nafasi ya kufikiri. Mvuvi mmoja kijana, aliyekuwa akivuta ngalawa yake juu, alitupungia mkono. “Shikamoo bibi,” alimwamkia mama, kisha akanigeukia mimi: “Kaka, leo bamvua. Rudini sasa hivi, msingoje.” Alimshika mama mkono mwenyewe, akatuongoza juu kwa njia iliyopita minazini. Tulifika barabarani tumelowa hadi magotini, na binti yangu mdogo amepoteza ndara moja.

Jioni ile kijana huyo alinieleza jambo ambalo ningependa kila mzazi wa bara alijue. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na baina ya kujaa na kupwa ni zaidi kidogo ya saa sita. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikifika mita tatu hata zaidi. Hilo ndilo bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, bahari hutulia, na wavuvi huyaita maji mafu. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa 4 hadi saa 5 asubuhi, na kujaa mnamo saa 10 hadi saa 11 jioni.

Tazama basi, ndugu msomaji: kalenda yetu ya Kiislamu, inayofuata mwezi, ndiyo hiyo hiyo inayosomwa na wavuvi. Anayejua leo ni mwezi ngapi anaweza kukisia bahari iko katika hali gani. Mimi nilikuwa nimetoka kusherehekea Idi siku chache tu nyuma, nikijua vyema kuwa ni mwezi 15, lakini sikujua kuwa tarehe hiyo ilikuwa na neno la kuniambia kuhusu usalama wa wanangu.

Kaole: msikiti uliobaki ukutani

Siku ya tatu, mwezi 16, tulianza kwa mpango. Saa 2 asubuhi tulichukua bajaji hadi magofu ya Kaole, kiasi cha kilomita 5 kusini ya mji. Huko kuna mabaki ya misikiti miwili na makaburi ya mawe, ya mji uliostawi tangu karne ya 13 hadi karne ya 16. Msikiti mkongwe zaidi unahesabiwa miongoni mwa misikiti ya kale kabisa katika bara la Afrika Mashariki. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, paa halipo, lakini mihrabu ingali imesimama ikielekea kaskazini, kama mihrabu ya msikiti wetu wa mtaani Makole. Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 12, alisimama mbele yake akaniuliza kama bado inafaa kuswalia hapo. Nilifurahi kwamba swali lake la kwanza lilikuwa hilo.

Makaburi kadhaa yana nguzo ndefu za mawe, na zamani nguzo hizo zilipambwa kwa mabakuli ya kauri kutoka China, ushahidi wa biashara iliyokuwa ikivuka bahari ya Hindi. Leo ukisimama pale huioni bahari. Tope lilijaza bandari, mikoko ikaota, na maji yakarudi nyuma. Mji uliotegemea jahazi ulikosa mahali pa kutia nanga, na Bagamoyo ikachukua nafasi yake.

Mama aliwasalimia waliolala pale kwa salamu ya makaburini, kama tulivyofundishwa. Mgeni hapo ataonyeshwa pia kaburi ambalo baadhi ya watu huliendea kwa maombi, na mbuyu wa kale unaosemwa kuwa humwongezea umri anayeuzunguka. Watoto walitaka kuuzunguka. Niliwaambia waufurahie kwa ukubwa na ukongwe wake, lakini umri wao uko kwa Mola peke yake, na maombi hayahitaji kupitia kwenye kaburi. Wakaridhika kuupima kwa mikono.

Kutoka Kaole hadi mjini kwa miguu

Tukiwa na mwongoza wageni tuliyemchukua mjini, tulifuata kijia kinachopita pembezoni mwa mikoko hadi mchanga ulipofunguka. Ilikuwa yapata saa 4. Maji yalikuwa mbali sana, na bahari imeacha uwanja mpana wenye mawimbi madogo ya mchanga, madimbwi, kaa na ndege wenye miguu mirefu. Wanawake walikuwa wameinama mbali, wakiokota chaza na kombe. Upepo wa kusi ulikuwa ukipuliza kutoka nyuma yetu, jambo lililompunguzia mama uchovu.

Mwongoza wageni aliwaonyesha watoto kwamba miti tunayoiita mikoko kwa jumla ni ya aina nyingi. Mkoko wenyewe una mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui. Mchu huinua vijiti vyembamba kutoka kwenye tope, ambavyo mti huvitumia kupumua. Mkandaa hutoa rangi katika gome lake. Boriti za nyumba za kale za Waswahili zilikatwa humu, na samaki wengi hulelewa wakiwa wachanga baina ya mizizi hii. Mahali mikoko ilipokatwa, wimbi huila ardhi. Binti yangu mkubwa alisema hiyo ni sawa na miti ya vilima vyetu vya Dodoma: ikiondoka, maji ya mvua huchukua udongo.

Tulitembea taratibu kwa mwendo wa mama, tukapumzika mara tatu. Binti mdogo aliuliza kama maji ya chumvi yanafaa kwa udhu. Nilimjibu kuwa maji ya bahari ni tohara na hutawadhiwa, basi akatawadha papo hapo kwenye dimbwi, ingawa wakati wa adhuhuri ulikuwa bado.

Swali la mtoto

Kabla ya saa 6 tulikuwa tumekaribia mji. Mwongoza wageni alituonyesha upande iliko Ngome Kongwe, iliyojengwa na mfanyabiashara wa Kiarabu takriban mwaka 1860, na baadaye ikatumiwa na Wajerumani, walioifanya Bagamoyo makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Alieleza jinsi misafara ilivyoteremka hapa, pembe zikapakiwa majahazini, na pamoja na pembe, watu. Alieleza pia kuwa jina la mji hufasiriwa kwa namna mbili: kubwaga moyo kwa raha, kama mpagazi anayetua mzigo baada ya miezi ya njia, au kuubwaga moyo kwa kukata tamaa, kama mtumwa anayeiona bahari ambayo hataivuka tena kurudi kwao.

Hapo mwanangu aliuliza: “Baba, hao waliokuwa wakiwauza watu, walikuwa wanaswali?”

Nilisita. Nikatafuta maneno ya kulizunguka swali. Mama alikuwa ameketi juu ya ngalawa iliyopinduliwa, akanitazama. “Walikuwa wanaswali,” alisema. “Mjibu mwanao, usimfiche.”

Basi nikamjibu. Nilimwambia kuwa wengi wa wenye misafara walikuwa Waislamu, na kuswali kwao hakukuifanya dhuluma yao kuwa halali. Nilimwambia kuwa Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayemuuza mtu huru na kula thamani yake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wake Siku ya Kiyama. Nilimwambia kuwa hawakuwa peke yao: kulikuwa na watemi wa bara waliouza mateka, mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliyotaka mikono, na wanunuzi wa Ulaya na Marekani waliotaka pembe kwa vinanda na mipira ya michezo yao. Lakini wingi wa wenye dhambi hauigawi dhambi ikawa ndogo. Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, na bado utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922. Mama alizaliwa miaka isiyofika 35 baada ya hapo.

Kisha nikamsimulia habari ya pili, maana mji huu una habari mbili. Katika karne hiyo hiyo, mtoto mmoja kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, aliletwa Bagamoyo akiwa mtumwa. Alisoma Qur'ani na elimu ya dini, akakua, akawa Sheikh Yahya bin Abdallah, anayejulikana kama Sheikh Ramiya, kiongozi wa tarika ya Qadiriya na mwalimu aliyeheshimiwa pwani nzima hadi alipofariki mwaka 1931. Watu waliokuwa na nasaba ndefu walikaa chini wakasoma kwa mtu aliyefika mjini bila hata jina la baba. Waliomleta walidhani wamenunua mkono wa kazi. Mwenyezi Mungu alikuwa ameuletea mji mwalimu.

Mama alisikiliza yote. Kisha akasimama, akatembea peke yake hadi maji yalipokuwa yakianza kurudi. Alilitaja jina la yule kijana wa Mpwapwa, jina ambalo nyumbani kwetu hupewa watoto mpaka leo. Hatukujua alifia wapi, wala alifia katika dini gani, kwa hiyo mama hakumwombea kwa maneno asiyo na uhakika nayo. Alisema tu: “Mola wetu anajua ulipoishia.” Akachota maji ya bahari kwa kiganja, akayaacha yamwagike, akarudi akaniambia tukatafute msikiti, adhuhuri imeingia.

Kwa wanaokusudia kwenda

Familia inayotaka kufanya matembezi haya isiende bila kuuliza saa za maji. Waulize wavuvi wa hapo, na uanze maji yakiwa yanakupwa, si yakiwa yanajaa. Usitembee ufukwe wa Kaole ukiwa peke yako. Chukua mwongoza wageni, na usibebe vitu vya thamani. Vaeni viatu vinavyofunga mguu, kwa sababu ya vigae vya chaza na mizizi. Bebeni maji ya kunywa ya kutosha na kofia au mitandio ya kujikinga na jua. Akina mama na mabinti hawatapata taabu kwa mavazi ya stara, kwani mji ni wa Waislamu na wenyeji wenyewe huvaa hivyo. Wazee wapewe mwendo wao, na bajaji iwe karibu.

Ukiwa na siku ya ziada, zunguka Mji Mkongwe kuona milango ya nakshi, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, na mahali misafara ilipopumzika. Upande wa kaskazini ipo misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ambayo ina makumbusho yanayoeleza historia ya utumwa. Wenye uwezo wa kwenda mbali zaidi, wapo Tongoni karibu na Tanga, penye makaburi ya nguzo, na Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331 na ambao Msikiti wake Mkuu ungali unasimama katika urithi wa dunia.

Tulirejea Makole siku iliyofuata. Mama alileta chupa ndogo ya mchanga wa Bagamoyo. Aliposhuka kwenye gari hakuingia ndani kwanza. Alimwagiza mjukuu wake alete chungu cha maji, akakiweka karibu na mlango, akakifunika kwa kata. Sasa kiko pale kila siku, na apitaye kwetu na kiu hunywa.